Miezi Mitatu ya Kusema Sina

Tupokigwe alijifunza kusema "sina" akiwa na miaka thelathini na nne, na kama kila jambo linalojifunzwa ukubwani, lilimtoa jasho. Mara ya kwanza alimwambia mdogo wake Benson, tarehe nne Januari, Benson alipompigia simu kuomba laki mbili za tairi la bajaji.

"Sina, Benson."

Benson alidhani mtandao umekata. Akaita haloo, haloo, mara tatu.

"Nipo," Tupokigwe akasema. "Nakwambia sina."

"Huna leo, au huna kabisa?"

"Sina kabisa."

"Basi poa, dada," Benson akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba, na akakata simu.

Sasa hapa lazima nikueleze, maana ukisikia mtu anamwambia ndugu yake wa tumbo moja kwamba hana laki mbili, na huku siku mbili tu nyuma akaunti yake imeingia milioni nne na nusu, utamwona roho mbaya. Tupokigwe hakuwa na roho mbaya. Tatizo lake lilikuwa kinyume chake kabisa.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa reli, ambaye sasa ni marehemu, na wa Mwalimu Atuganile, mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Gongo la Mboto. Yeye mwenyewe alipanga vyumba viwili Chamazi, kwenye nyumba ya Bi Wahiba, na humo ndani, kwenye meza iliyokaa karibu na dirisha, alifanya kazi ambayo watu wa mtaani hawajaielewa mpaka leo. Alikuwa anasafisha picha za nyumba zinazouzwa Ulaya. Mpiga picha wa huko anapiga nyumba siku ya mawingu, Tupokigwe wa Chamazi anaitilia anga la bluu. Anafuta mapipa ya taka, ananyoosha ukuta ulioonekana kupinda, anakolezea nyasi ukijani. Alianza kwa kulipwa senti kwa kila picha, na baada ya miaka sita akawa anasimamia wenzake wanane waliotawanyika nchi mbalimbali. Bustani za watu amezipendezesha kwa maelfu, na hakuna hata moja aliyowahi kuikanyaga.

Mshahara uliingia kila tarehe mbili. Tarehe kumi ulikuwa umekwisha. Laki nne za mama, ada za watoto wawili walioachwa na shangazi yake, Benson na bajaji yake isiyopona, mchango wa harusi, wa send-off, wa kipaimara, wa jengo la kanisa, wa msiba wa mtu ambaye Tupokigwe hakumjua ila mama mkwe wa mtu huyo aliwahi kumbeba mgongoni akiwa mchanga. Kwenye ukoo walimwita Benki Kuu. Walimwita kwa upendo, na yeye alicheka nao. Lakini kuna siku alikaa akahesabu, akakuta kwamba tangu baba yake afariki hajawahi kujinunulia kitu cha zaidi ya laki moja bila kwanza kujiuliza nani atakosa.

Ndipo alipoisikia ile visa. Ipo nchi moja Ulaya inayowapa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta ruhusa ya kuishi kwao mwaka mzima, mradi mshahara wao unatoka nje ya nchi hiyo. Nchi yenyewe hakuitaja kwa mtu, nami namheshimu, siitaji. Kampuni yake haikuwa na neno, walisema kazi ni ileile popote atakapokuwa. Na Tupokigwe akaanza kuutamani huo mwaka kwa namna iliyomtisha mwenyewe. Hakutaka kuhama, wala hakutafuta mchumba wa Kizungu, kama watakavyosema baadaye. Alitaka mwaka mmoja wa kuamka asubuhi na kukuta siku ni ya kwake.

Masharti yalikuwa mengi, na mengi aliyaweza: mkataba wa kazi, bima, cheti cha polisi cha tabia njema. Lililomkwamisha lilikuwa la fedha. Ubalozi ulitaka taarifa ya benki ya miezi mitatu mfululizo, mshahara uonekane ukiingia, na mwisho wa miezi hiyo akiba isiwe chini ya kiasi fulani cha euro, ambacho kwa shilingi zetu kilikaribia milioni kumi na moja. Kuweka kidogo kidogo alishajaribu miaka miwili. Kila akifika milioni mbili, kuna mtu anaugua. Basi akapiga hesabu mara moja ya mwisho: Januari, Februari, Machi, ale kwa laki nane kwa mwezi pamoja na kodi na mtandao, na asimpe mtu yeyote shilingi.

Utaniuliza, kwa nini asiwaambie tu? Angewaambia ndugu zake, jamani, nina jambo langu, nivumilieni miezi mitatu. Hapo ndipo ninapojua kwamba humjui binamu yake Tusajigwe. Tusajigwe alipata chuo Kanada miaka tisa iliyopita. Akatangaza. Pakafanyika sherehe ya kuagwa, keki yenye bendera, mchungaji akaombea ndege. Visa ikanyimwa siku kumi baadaye. Mpaka leo Tusajigwe yuko Kitunda anauza vifaa vya umeme, na wateja wanamwita Kanada mbele ya watoto wake. Tangu hapo ukoo mzima ulikubaliana bila kikao kwamba safari haitangazwi. Mtu unaona picha yake yuko uwanja wa ndege, ndiyo unajua alikuwa na pasipoti. Na kwa kuwa Tupokigwe hakuweza kusema anaweka hela kwa ajili ya nini, njia iliyobaki ilikuwa kusema hana.

Januari, kama unavyoijua, ni mwezi wa ada. Tupokigwe alilipa za watoto wa shangazi Desemba, kabla hesabu hazijaanza, hilo lilimpa unafuu kidogo wa dhamiri. Lakini mama alipompigia, kwa aibu zake za kiualimu, kuulizia zile laki nne, Tupokigwe alishikilia ukingo wa meza.

"Mwezi huu sina, mama."

"Hakuna shida, mwanangu," Mwalimu Atuganile akajibu upesi mno. "Pensheni ipo. Wewe mzima?"

"Mzima."

"Unakula?"

"Nakula, mama."

Kwa nini mama aliuliza kama anakula, Tupokigwe hakujiuliza. Alijiona amefanikiwa. Februari akasema sina kwa kamati mbili za harusi na kwa mzee wa kanisa. Akajitoa kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana. Akaacha kupanda bodaboda mpaka Mbande sokoni, akawa anakwenda kwa miguu na mwavuli. Jumapili mechi ikichezwa pale uwanjani Chamazi na mtaa mzima ukinuka mishikaki, yeye alifunga dirisha. Akaunti ilikuwa inapanda, na kila ilipopanda alifurahi, kisha akajisikia vibaya kwa kufurahi.

Aliyegundua kwanza ni Bi Wahiba, mwenye nyumba. Huyu ni mama wa Kiarabu wa makamo, mjane, mwenye duka lililoungana na nyumba, na kwao wamekuwa wenye maduka tangu babu yake. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu kuhusu hali yako, anaisoma kwenye unachonunua.

"Tupo mwanangu, wewe ulikuwaga unachukua sukari kilo mbili," akamwambia siku moja katikati ya Februari, akipima robo. "Na ile siagi yako ya kopo. Sasa robo robo. Kuna nini?"

"Napunguza sukari tu, Bi Wahiba. Afya."

"Afya," Bi Wahiba akarudia. Akamfungia robo ya sukari, na ndani ya mfuko akatumbukiza mayai sita. "Haya, nenda. Hayo usinilipe."

Tupokigwe alijaribu kuyarudisha, akafukuzwa dukani. Tangu siku hiyo, kila akija kununua kitu, mfuko ulirudi mzito kuliko alivyolipia. Hakujua la kufanya. Kukataa ilikuwa kumtukana mtu mwema, kupokea ilikuwa wizi, na ukweli ulikuwa hausemeki. Akapokea. Alikula mayai ya mjane huku ana milioni saba benki.

Asichokijua ni kwamba Bi Wahiba alikuwa na namba ya mama yake.

Tarehe kumi na tisa Machi, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili miezi mitatu itimie, Tupokigwe alikuwa mezani anafuta gari bovu kwenye picha ya nyumba ya watu, simu ikatoa mlio wa ujumbe wa benki. Akaunti yako imewekewa shilingi milioni moja laki saba na thelathini na tano elfu. Kutoka: Atuganile. Maelezo: mchango wa Tupo.

Aliusoma mara nne. Halafu ukaja ujumbe wa mama mwenyewe, wenye nukta na herufi kubwa mahali pake, kama kawaida yake. "Mwanangu, tumejua. Usione aibu, kukosa kazi ni jambo la dunia. Ndugu na majirani wamekushika mkono. Lipa kodi, kula, halafu uje nyumbani tupange. Tunakupenda."

Tupokigwe akaweka kichwa juu ya meza.

Walikuwa wamekaa kikao. Benki Kuu imesema sina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, imejitoa kwenye kikoba, inanunua sukari robo. Maana yake ni moja tu, kafukuzwa kazi na anaona aibu kusema. Ukoo ambao mtu akiolewa unaunda kamati, akizikwa unaunda kamati, ungekaaje bila kamati kwa hili? Jirani Ansbert, mzee wa Kihaya aliyekuwa karani ofisini na baba yake, akateuliwa mweka hazina. Likaundwa kundi la WhatsApp lililoitwa Tumshike Mkono Tupo, lenye watu wote isipokuwa Tupo. Wiki tatu walichangishana.

Na mchango huo ulikuwa umemharibia. Ubalozi ulisema wazi kwenye masharti, kwa herufi nzito: fedha yoyote kubwa isiyo mshahara itakayoonekana kwenye taarifa lazima ielezwe kwa barua ya aliyeituma, iliyoapiwa mbele ya wakili, ikisema imetoka wapi. Ikiwa ni mkopo, maombi yanakataliwa. Akiirudisha ndiyo mbaya zaidi, itaonekana aliazima hela za kupambia akaunti kisha akarudisha, mchezo ambao maofisa wa visa wanaujua vizuri. Angeweza kuanza upya, Aprili, Mei, Juni. Lakini alipofikiria miezi mingine mitatu ya mayai ya Bi Wahiba, mwili ulikataa.

Kesho yake Jumamosi akaenda Gongo la Mboto.

Mwalimu Atuganile alimpokea kwa kumshika mabega na kumwangalia mashavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Hakuwa amekonda. Alipakuliwa wali na samaki wa nazi, kipande cha samaki chenye mnofu kikaja kwake, kichwa kikabaki kwa mama. Benson alikuwepo, akamsalimia dada yake kwa heshima mpya, ya hospitalini. Mkononi alikuwa na simu ndogo ya vitufe.

"Simu yako iko wapi?" Tupokigwe akauliza.

"Nimeipumzisha kidogo."

"Kaiuza," mama akasema. "Laki moja na themanini. Yote kaleta kwenye mchango, tairi akaliacha. Na mimi usinishukuru, zilikuwa hela za mabati ya jikoni tu, na jiko halijaanguka. Kula. Kila Jumatano nimefunga kwa ajili ya kazi yako, Mungu hawezi kukaa kimya."

Tupokigwe akaweka kijiko chini. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea.

"Mama, sijafukuzwa kazi."

Akasema yote. Visa, milioni kumi na moja, siku alizohesabu, Tusajigwe na keki yake. Alisema akiangalia sahani. Alipofika kwenye barua ya kuapa mbele ya wakili aliharakisha maneno, maana alijisikia vilivyo: amewadanganya watu, wamemchangia, na sasa amekuja kuwaomba saini.

Benson alikuwa wa kwanza.

"Dada, yaani siku ile nimekuomba laki mbili ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo."

"Mie nimeuza simu." Alikuwa hapigi kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Si ungesema tu? Ungesema, Benson, ninazo ila sikupi, nina mambo yangu. Mie ningenuna wiki moja basi. Sasa nimekaa nakuhurumia mpaka usingizi sipati."

Akatoka nje, na wakasikia bajaji inakataa kuwaka.

Mama akavua miwani, akaifuta na kanga, akaivaa tena. "Hayo makaratasi unayo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Mwalimu Atuganile alifundisha Kiingereza cha darasa la tano miaka thelathini na moja, na akaisoma ile fomu kama anavyosahihisha, kidole kikifuata mstari, hakuruka kitu. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Tupokigwe alijua kilipo. Ni pale wanapouliza, watu wangapi wanakutegemea kwa matumizi yao, na yeye alikuwa ameandika: hakuna.

"Hakuna," mama akasoma.

"Mama, wanamaanisha watoto. Mume. Ukiwa na wanaokutegemea kiasi cha akiba kinapanda, na mimi..."

"Najua wanamaanisha nini, Tupo."

Nje bajaji ikawaka, ikazimika. Tupokigwe alitamani mama yake amgombeze, apaze sauti kama zamani alipovunja chupa ya chai. Badala yake mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na karatasi zenye mistari na kalamu ya bluu.

"Nitaandika Kiswahili. Watatafuta mtu wa kuwatafsiria, si wana hela."

Aliandika kwa mwandiko ule wa ubaoni, wima, herufi zote urefu mmoja. Alipomaliza akasoma kwa sauti, kwa kuwa hakuwahi kukabidhi kitu bila kukisoma.

"Mimi, Mwalimu Atuganile, mkazi wa Gongo la Mboto, mstaafu, nathibitisha kwamba fedha hizi ni mchango wa ndugu na majirani arobaini na mmoja. Orodha ya majina na kiasi imeambatishwa. Si mkopo na hazitadaiwa. Tulizitoa kwa sababu tulidhani binti yangu amekosa kazi. Tulikosea, kazi anayo. Mimi nina nyumba yangu na pensheni yangu. Simtegemei binti yangu, wala ndugu zake hawamtegemei. Yuko huru kwenda."

Akaikunja mara mbili.

"Mama, hiyo si kweli," Tupokigwe akasema. Machozi yalikuwa yameshatoka.

"Uliandika uongo peke yako, na mtu peke yake hukamatwa," mama akasema. "Sasa tutaufanya uwe kweli. Nawa mikono, twende kwa mzee Ansbert akatupe orodha."

Mzee Ansbert alitoa orodha bila ajizi, imepigwa mistari kwa rula, majina arobaini na moja kuanzia laki tatu na nusu za mama mpaka elfu mbili za mama muuza vitumbua. Bi Wahiba alikuwamo, namba sita, elfu hamsini. Mzee alisikiliza kisa chote ameshika kidevu, kisha akauliza swali moja tu, kama kamati ivunjwe au la. Jioni hiyohiyo Mwalimu Atuganile akawaeleza watu kwenye lile kundi, sentensi tano, bila kupamba. Shangazi mmoja akajitoa papo hapo. Mwingine akaandika kwamba watu wenye hela ndio waongo. Tusajigwe wa Kanada aliandika mstari mmoja: "Mngeninyamazia na mimi siku ile." Wengi waliweka tu alama ya mikono inayopiga makofi, na hujui mtu akipiga makofi hivyo ana maana gani.

Dukani kwa Bi Wahiba Tupokigwe alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya kaunta akaomba radhi.

"Wallahi umenikosea," Bi Wahiba akasema. "Mayai yale nilikuwa nampunguzia mteja wa chapati." Kisha akapanga panga makopo yasiyohitaji kupangwa. "Mie niliolewa na miaka kumi na saba. Nikatoka duka la baba nikaingia duka la mume. Huko unakokwenda, ukifika niletee picha. Picha za kwelikweli, usizisafishe."

Aprili taarifa za benki zikapelekwa, na barua, na orodha, na muhuri wa wakili. Ikaanza kazi ya kusubiri. Kwa kuwa ubalozi ungeweza kuomba taarifa mpya siku yoyote, zile milioni hazikuguswa hata shilingi, na hela yoyote ya kwenda kwa mama ingeonyesha kwamba anategemewa. Na masika ile ilikuwa nzito. Kila mvua ilipopiga, Tupokigwe alijua kwamba jikoni kwa mama pananyesha, na kwamba mabati ya jiko hilo yako ndani ya simu yake, yamekaa tu, yanaonyeshwa wageni. Alipiga simu mvua ya kwanza. Mama akamjibu kwamba amehamishia jiko la mkaa ukumbini, na asimpigie kila tone likidondoka.

Visa ilitoka wiki ya mwisho ya Mei. Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye pasipoti, yenye picha yake aliyotoka amekasirika.

Hakusubiri uwanja wa ndege. Alimpigia mama, akampigia Benson, akamwambia Bi Wahiba. Siku iliyofuata alipeleka mabati kumi na mawili na fundi Gongo la Mboto, na mama aliyapokea akayahesabu, kwa kuwa yalikuwa ya kwake. Benson alinunuliwa simu na tairi kwa mpigo. Hakukataa hata kidogo, ila alimwambia dada yake kwamba za ile wiki ya kununa bado anazo siku nne, na akazimaliza. Wachangiaji wengine walikataa kurudishiwa. Mzee Ansbert alieleza kwamba kamati ina utaratibu wa kukusanya, wa kurudisha haina, na kama Tupo ana shida ya kutoa hela basi jengo la kanisa bado lina madirisha. Akatoa kwenye madirisha.

Juni akaondoka. Nyumba aliyopanga ilikuwa na bustani nyuma, majani yake ya kahawia kwa jua, na pipa la taka mbele ya mlango ambalo hakuna mtu wa kulifuta. Alilipenda pipa lile. Asubuhi ya kwanza alisimama karibu nalo na kikombe cha chai, hakuna aliyempigia simu, na alijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja mpaka chai ikapoa.

Tarehe mbili Julai mshahara ukaingia. Mkono wake ulifanya kazi kabla ya kichwa. Laki nne, Mama, tuma.

Baada ya robo saa simu ikalia ujumbe. Laki nne zilikuwa zimerudi, kamili. Makato mama alilipa mwenyewe.

Akapiga.

"Mama, mbona umerudisha?"

"Mimi niliapa mbele ya wakili," Mwalimu Atuganile akasema. "Nilisema sikutegemei. Nikaweka saini."

"Mama, ile barua imeshamaliza kazi yake. Hakuna anayeiangalia tena."

"Kwako imemaliza kazi. Kwangu mimi bado. Nikishindwa nitakwambia, sitakuficha, na wewe ukishindwa utaniambia. Lakini sijashindwa." Akakohoa kidogo. "Sasa niambie. Hizo laki nne utazifanyia nini? Usiniambie ada, usiniambie mchango. Wewe. Unataka nini?"

Tupokigwe akafungua mdomo. Alitafuta kitu, kitu chochote, kiatu, kitabu, chakula fulani, akakuta hakuna kilichokuja. Miaka yote ile alijua kila mtu anataka nini. Akaanza kulia, si kwa adabu, alilia kwa sauti kama mtoto, pale kwenye ngazi za nyuma, mbele ya bustani ya watu.

Mwalimu Atuganile ni mtu asiyemaliza dakika mbili kwenye simu, anaogopa vocha. Siku hiyo hakukata, wala hakumwambia anyamaze. Alikaa upande wa pili, akipumua, akamsubiri mwanawe afikirie jibu.